Neno la Pili

Jumatatu, 2 Oktoba 1995

Darasa langu la tano lina watoto arobaini na mmoja kwenye daftari la mahudhurio. Leo nimehesabu vichwa kumi na tisa. Waliobaki wako Adana na wazazi wao, wanachuma pamba, na hawatarudi kabla ya Novemba. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Kila mwaka wizara hutuma barua kuuliza mbona mahudhurio ni mabaya, nasi hujibu kwamba barua tumeipata.

Nimeanza kuandika humu kwa sababu daftari limezidi. Bwana Nihat, mkuu wetu wa shule, ametugawia walimu madaftari mawili mawili. Moja ni la maandalio ya masomo, la pili hakusema ni la nini. Nina miaka arobaini na sita, ishirini na minne nimeimalizia kwenye shule hii moja, na sijawahi kuandika kitu ambacho hakitakaguliwa. Tuone.

Jumatano, 11 Oktoba

Mvua. Uani ni tope tupu. Watoto wamekula kiapo cha asubuhi, kile cha shule zote za Uturuki, wamevaa mifuko ya nailoni juu ya viatu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Kikao cha walimu, saa nzima na dakika tano, makaa ya mawe dakika tano na kiapo saa nzima. Bwana Nihat hajaridhika na sauti. Anasema watoto wanaapa kivivu, kama wanaohesabu mabati. Ametukumbusha utaratibu aliouanzisha mwenyewe na anaouonea fahari: kila juma, mtoto aliyeshika nafasi ya kwanza katika majaribio ndiye apande ngazini penye kipaza sauti kila asubuhi, akitaje kiapo kipande kwa kipande, na shule nzima irudie. Mwalimu wa zamu asimame pembeni yake na aape naye kwa sauti. Zamu yangu ni Alhamisi.

Sina cha kubisha. Watoto wanaigombania kweli ile nafasi. Mwaka jana mmoja alilia siku mbili kwa kukosa nusu alama.

Huyu Bwana Nihat ni mtu wa Kırıkkale, mbali huko magharibi. Mkewe na watoto wako huko, yeye yuko hapa kwa kuwa serikali imemleta, na anahesabu miezi. Amepanda miche arobaini kuzunguka uwanja na anaimwagilia kwa mkono wake. Mzee Musto, mhudumu wetu, anasema mtu anayehesabu miezi hapandi miti. Mimi nasema anapanda ili apate kitu cha kutazama.

Jumatatu, 30 Oktoba

Jana Sikukuu ya Jamhuri. Bendera za karatasi zimeloa, wekundu wote umehamia mikononi mwa watoto. Leo nimefundisha darasa lenye viganja vyekundu.

Jumatatu, 6 Novemba

Watu wa pamba wamerudi. Ghafla sina madawati ya kutosha.

Zelal wa Sabri amerudi pia. Nilimkosa, siwezi kuficha. Amekosa majuma saba na swali lake la kwanza lilikuwa tumefika ukurasa wa ngapi. Vidole vyake vimechanwachanwa na maganda ya pamba, kalamu anaishika kwa ncha tu. Nimempaka mafuta ya glisirini nikamwambia asiandike leo. Ameandika.

Ijumaa, 10 Novemba

Saa tatu na dakika tano king'ora, kumbukumbu ya mwanzilishi wa Jamhuri. Watu wote walisimama kimya, hata mwokaji mikate kule ng'ambo ya barabara, unga mikononi. Watoto wangu walikuwa wanajikuna na kusukumana kama kawaida. Zelal alisimama wima kuliko wote, hakupepesa jicho. Bwana Nihat akaniambia nimemlea vizuri. Nami nadhani ni uzalendo.

Ijumaa, 17 Novemba

Zelal wa kwanza. Tano, alama ya juu, kila somo, na majuma saba hakuwepo! Nimeandika jina lake kwenye orodha ya waongozaji kwa kalamu ya kijani. Nilifurahi kama aliyeshinda ni mimi.

Alinifuata mlangoni akaniuliza kama inafaa aliyeshika nafasi ya pili aongoze yeye. Nikaona ni haya tu. Nikamwambia haki yake ni haki yake, asijitie unyonge, na avae kola iliyopigwa pasi.

Jumatatu, 20 Novemba

Kola aliivaa, imenyooka, nyeupe pe.

Alipanda ngazi bila kusukumwa. Akasimama mbele ya kipaza sauti, mikono imeshuka, macho kwenye bendera. Watoto mia tatu na kitu wakavuta pumzi wakisubiri kipande cha kwanza. Hakikuja. Tulisikia upepo unavuma ndani ya kipaza sauti. Kuna mtoto akacheka nyuma, akanyamaza. Mimi nilifikiri kaganda kwa hofu, nikawa namwashiria kwa midomo. Bwana Nihat akamsogelea, akamwambia kwa upole kabisa, anza mwanangu.

Zelal akajibu kwenye kipaza sauti, kwa adabu, kama anayekataa kuongezewa chakula: "Siwezi, mwalimu."

Mtaa mzima ulisikia. Mwokaji mikate alitoka nje.

Bwana Nihat alimshusha kwa mkono, si kwa nguvu, akampandisha Yekta wa nafasi ya pili. Yekta kwa furaha yake alikimeza kiapo nusu, vipande vikawa vinagongana, shule inarudia hiki huku yeye yuko kile. Ndiyo asubuhi yetu ilivyokwenda.

Nilimkasirikia. Nisijidanganye humu. Nilimkasirikia kwa kuwa nilimchagua mimi, kwa kalamu ya kijani, na walimu wenzangu wote walinitazama mimi, si yeye. Darasani sikumwita ubaoni siku nzima. Alinyoosha mkono kila swali, na kila swali nikajitia sioni.

Jumanne, 21 Novemba

Bwana Nihat aliniita ofisini akafunga mlango. Hakupiga kelele. Alinimiminia chai mwenyewe, na hapo ndipo nikajua mambo ni mazito.

Kwa ufupi ni hivi. Fomu ya mtihani wa shule ya bweni ya serikali haiendi bila alama ya mwenendo, na alama ya mwenendo lazima iwe tano. Mtoto aliyekataa kiapo mbele ya shule nzima hawezi kuandikiwa tano. Zelal akipata mbili, fomu yake haitatoka kwenye meza hii. Mwisho wa kupeleka fomu ni tarehe ishirini na tisa Desemba.

Nikamwambia huyu ndiye mtoto pekee kwangu atakayefaulu ule mtihani. Akasema anajua. Nikamwambia bila bweni masomo yake yanaishia darasa la tano, na Septemba ijayo atakuwa Adana na hatarudi Novemba kuja kuniuliza ukurasa. Akasema anajua pia. Akaangalia dirishani kwenye miche yake. Kisha akasema kwamba kwa nyakati hizi za vita na waasi, katika mji huu wa Wakurdi, mtoto mmoja akinyamaza kwenye kipaza sauti hahesabiwi mtoto mmoja. Watamuuliza baba yake. Watamuuliza yeye Nihat. Watamuuliza mwalimu wake, tena huyo watamuuliza amezaliwa kijiji gani.

Chai sikuimaliza.

Jumatano, 22 Novemba

Nilimbakiza wakati wa mapumziko. Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema hakuna. Nikamwambia aniambie kweli, sitamwambia mtu. Akanishangaa, kana kwamba kuna namna nyingine ya kumjibu mwalimu.

Alisema darasa la kwanza na la pili alikuwa anakitamka kiapo chote kwa nguvu, maana kwao ni Kikurdi tu na hakuwa anajua Kituruki. Darasa la tatu akaanza kuelewa maneno. Tangu hapo hajakisema. Anasimama na wenzake, anatazama bendera, mdomo kaufunga. Miaka miwili na nusu, na hakuna aliyegundua, hata mimi, mpaka nilipompandisha ngazini.

"Kinaanza kwa kusema mimi ni Mturuki," akanieleza polepole, kama mimi ndiye mwanafunzi. "Halafu kinasema mimi ni mkweli. Nikilisema la kwanza, mwalimu, la pili linakuwa uongo."

Niliangalia mlango kama umefungwa. Nikamwambia yale ni maneno ya shule tu, kama wimbo, hakuna anayeyapima. Akafikiri. Akasema mengine yote hana shida nayo: kuwapenda wadogo, kuwaheshimu wakubwa, kufanya bidii. Hata bendera haichukii. Ni hayo mawili tu, hayakai pamoja.

Kisha akaniuliza, "Wewe huwa unasemaje, mwalimu?"

Anajua mama yangu hajui Kituruki hata cha kuombea maji. Mji mzima unajua. Nikamwambia kengele imelia. Ilikuwa haijalia.

Ijumaa, 24 Novemba

Siku ya Walimu. Nimepata makomamanga tisa na soksi.

Jumatatu, 27 Novemba

Sabri, baba yake Zelal, alikuja. Ofisini, mbele ya Bwana Nihat, tuliongea Kituruki kama inavyotakiwa, na yeye alishika kofia yake akiitikia ndiyo, ndiyo kwa kila sentensi, hata zile zilizokuwa maswali. Nilimsindikiza getini. Pale tukaongea lugha yetu na mtu akapata mdomo wake.

Alisema amemwambia binti yake ayaseme yale maneno yaishe. Yeye mwenyewe aliyasema jeshini, kila asubuhi, miezi kumi na minane, na meno yake yote anayo. Binti akamsikiliza, akasema lakini baba, wewe walikulazimisha. Akamwambia basi na mimi nakulazimisha. Alipoona hasogei, akamwambia atampiga.

"Akaenda akaleta fimbo mwenyewe," Sabri akasema. "Kaniwekea mkononi. Dada yangu, mtu anampigaje mtoto wa hivyo?"

Hakumpiga. Fimbo wameichoma kwenye tanuri.

Alinishika mkono, jambo ambalo wanaume wa kwao hawafanyi, akanionyesha vidole vyake kisha akataja vya mkewe, kwamba haviwezi tena kutunga shanga. Hataki kitu kingine duniani ila Zelal asiiguse pamba. Nilimwahidi fomu itakwenda. Kwa nini niliahidi? Sijui. Mdomo ulinitangulia.

Ijumaa, 1 Desemba

Jiko la darasani linatoa moshi kuliko joto. Habari ya Zelal bado inazungushwa chumba cha walimu. Mmoja anasema kapandikizwa na waasi, mwingine anasema kapagawa. Mzee Musto akiweka vikombe akasema wampe yeye kipaza sauti, ataapa kila siku na chai haitachelewa. Wakacheka. Mimi pia nikacheka, halafu nikajisikia vibaya mpaka jioni.

Jumatatu, 4 Desemba

Theluji ya kwanza.

Ijumaa, 8 Desemba

Barua imekuja. Mkaguzi wa mkoa atafika Jumatatu tarehe kumi na nane, na atahudhuria kiapo cha asubuhi.

Bwana Nihat ana mpango, na amenieleza kama mtu aliyekosa usingizi kuutafuta. Zelal aongoze kiapo siku hiyo. Akiongoza, la Novemba litaandikwa kuwa mtoto aliugua homa, atapewa tano, na fomu itasainiwa kesho yake. Asipoongoza, mkaguzi atasikia tu habari yake kwa mdomo wa mwingine, na hapo halitakuwa jambo la alama tena.

Nilimjia juu. Nikamwambia kwa nini asiongoze Yekta na mambo yaishe. Akasema Yekta atakula nusu ya kiapo, halafu kuna walimu wawili hapa ambao tayari wameshaandika barua kuhusu Novemba. Hakuwataja. Akasema njia pekee ya kuifuta barua ni mtoto mwenyewe kwenye kipaza sauti.

Nimekuwa nikimwona mtu mwoga. Ni mwoga, ndiyo. Lakini huu woga wake umezunguka na kumtafutia mtoto mlango, na mimi sikuwa na mlango wowote.

Jumanne, 12 Desemba

Niliongea naye tena, jikoni kwa Mzee Musto penye joto. Mzee alituachia chumba bila kuombwa.

Nilimsimulia yangu, ambayo sijawahi kumsimulia mwanafunzi. Nilianza shule nikiwa na miaka saba, neno la Kituruki sina. Kiapo nilikikariri kwa siku tatu kama mtu anavyokariri dua, na nilidhani kweli ni dua. Nyumbani bibi yangu alipougua nikakisoma kitandani kwake kuanzia mwanzo mpaka mwisho ili apone. Bibi akasema amina. Zelal alicheka mpaka akafunika mdomo, na mimi nikacheka naye.

Kisha nikamwambia kilichonileta. Bila maneno yale hakuna bweni. Mimi niliyasema, nikaenda bweni, ndiyo maana leo nashika chaki badala ya gunia. Nikamwambia baba yake amenionyesha vidole. Hapo alishusha kichwa. Si fimbo iliyomshinda, ni vidole.

Akauliza kama ni lazima yote.

Nilikuwa nimechoka. Nikasema kitu ambacho leo nakirudia hapa neno kwa neno: "La kwanza ndilo wanalolisikiliza, mwanangu. Hayo mengine hakuna anayejali."

Akasema sawa, ataongoza. Nikambusu kichwani. Njiani kurudi nyumbani nilinunua mkate wa moto nikaula nikitembea, mwepesi kabisa, kama mtu aliyemaliza deni.

Ijumaa, 15 Desemba

Mazoezi. Alikataa kufanya, akasema anakijua. Bwana Nihat akaniangalia, nikamwambia anakijua.

Jumatatu, 18 Desemba

Baridi kali, jua limetoka. Theluji imesukumwa pembeni mwa uwanja, watoto wamepangwa mistari tangu saa mbili kasoro. Mkaguzi ni mtu mnene mwenye sauti nzuri, koti refu, viatu vimemloa. Alisimama ngazini kati ya Bwana Nihat na mimi.

Zelal alipanda. Kola ile ile.

Akavuta pumzi, akalitaja la kwanza. Mimi ni Mturuki. Kwa sauti safi, kubwa, isiyotetemeka. Shule ikarudia kwa kishindo, na nikamwona Bwana Nihat mabega yake yanashuka.

Halafu akasema, mimi ni mchapakazi.

Akaendelea. Kuwalinda wadogo, kuwaheshimu wakubwa, kuipenda nchi, kila kipande mahali pake mpaka mwisho. Ila la pili halikuwepo. Watoto mia tatu walirudia walichopewa, kama walivyofundishwa. Ni wale wadogo wa darasa la kwanza tu, wanaoapa kwa mazoea bila kumsikiliza anayeongoza, waliolitaja wenyewe. Sauti kumi au kumi na mbili, nyembamba, zikasema mkweli katikati ya mchapakazi ya shule nzima, zikajishtukia, zikazimika.

Nilielewa pale pale. Alinitii. Alisema lile wanalolisikiliza. Na baada ya kulisema, lile la pili hakuwa nalo tena, kwa hiyo hakulitaja.

Makofi yakaisha. Mkaguzi akamwita Zelal kwa kidole, akamwinamia, anatabasamu. Akamwuliza kuna neno moja limepotea, limeanguka wapi?

Zelal akafungua mdomo. Namjua huyu mtoto, alikuwa anakwenda kujibu.

"Amesahau, Bwana Mkaguzi," nikasema. Nilimshika bega. "Amehofu kukuona. Amesahau."

Mkaguzi akacheka. Akasema hata mawaziri husahau, akampapasa shavu, akamwambia akifika bweni kumbukumbu itanoleka. Bwana Nihat akacheka pia, kuchelewa kidogo. Zelal hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, na nilijua anatazama nini. Mtoto anayejua majina ya mito yote ya nchi na mahali inapoingilia baharini, mwalimu wake kasema mbele ya watu kwamba amesahau neno moja.

Nimerudi nyumbani sina hamu ya kula.

Jumanne, 19 Desemba

Nimejaza fomu. Mwenendo: tano. Chini kuna mistari miwili ya maelezo ya mwalimu wa darasa, kwa kawaida tunaandika nadhifu, mtiifu, anafaa. Nilikaa nayo kipindi kizima watoto wakichora ramani. Mwishowe niliandika neno moja tu, Mkweli, nikaipeleka ofisini kabla sijaghairi.

Bwana Nihat alisoma kwanza alama. Halafu akasoma lile neno, akavua miwani.

"Jana nilisikia vizuri, Bi Nazime," akasema. "Mimi si kiziwi."

Nilingoja aseme niandike upya. Alivuta muhuri, akaupulizia maana wino umeganda kwa baridi, akaugonga. Akasaini. Akaniambia bahasha aipeleke Mzee Musto mwenyewe posta, leo hii, asisubiri gari la wizara. Kisha akatoka kwenda kuifunga miche yake magunia, theluji isiikate.

Miaka mitatu nimekaa na huyu mtu na nilikuwa namhesabia miezi kama yeye anavyojihesabia.

Jumatano, 20 Desemba

Nilimwambia Zelal fomu imekwenda, mtihani ni Aprili. Nilitegemea atafurahi. Alishukuru vizuri, akabaki amesimama mbele ya meza yangu, akikwaruza ukingo wake kwa kidole. Vidole vimepona.

"Mimi sikusahau, mwalimu."

Nikamwambia najua. Nikamwambia ilibidi, kwa ajili yake, na kwamba atakapokuwa mkubwa ataelewa. Maneno yale yale wanayoyasema watu wote, niliyasikia yakitoka kinywani mwangu na yakanichosha.

Hakubishana. Alifikiri, kwa utaratibu, kama anavyofanya na hesabu za sehemu. Akasema yeye alilisema la kwanza kwa sababu mimi na baba tulimwomba, na kwa hiyo la pili aliliacha, na hilo anaona ni sawasawa. Lakini mimi juzi nilisema uongo mbele ya shule nzima. Na kesho ni Alhamisi.

"Basi kesho, mwalimu," akasema, kwa heshima kabisa, "na wewe lile neno usilitaje."

Alhamisi, 21 Desemba

Zamu yangu.

Barafu ngazini, Mzee Musto amemwaga majivu tusiteleze. Yekta ndiye mwongozaji wa juma, jana na juzi amefanya mazoezi kwa mama yake na sasa anataja kila kipande kwa ukamilifu, anavimba kifua. Nilisimama pembeni yake kama nilivyosimama Alhamisi zote za miaka hii mitatu.

La kwanza nililisema. Lilitoka lenyewe, halikuningoja niamue.

Yekta akataja la pili. Watoto wakalirudia, wote, mia tatu na kitu, na mimi nilifunga mdomo. Ni kitambo kifupi mno, pumzi moja haijatimia. Nilidhani mbingu zitaanguka. Bwana Nihat alikuwa anatazama saa yake. Mwokaji mikate alikuwa anapanga mikate. Hakuna mtu anayemtazama mwalimu mdomoni.

Isipokuwa mstari wa tatu, wa pili kutoka ukutani. Zelal mwenyewe alikuwa kaufunga wake, kama miaka miwili na nusu yote, na macho hayakuwa kwenye bendera. Nilipoendelea na mchapakazi alitikisa kichwa mara moja kukubali, vile ninavyotikisa mimi mtu anapopata jibu ubaoni.

Tuliingia darasani. Kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu. Alinyoosha mkono, nikamwita.